Okidi Iliyoitwa Enid

Friji ya Enid haikuwa na nafasi hata ya siagi. Ilijaa chupa za mumewe, Gilbert, zenye miche ya maua ya okidi ya nchi za baridi. Siku walipomzika mama yake Enid, Gilbert alipiga magoti makaburini muda mrefu, watu wakamhurumia. Kumbe alikuwa akichunguza madoa ya okidi pori iliyoota pale, aijue ni ya aina gani.

Kwenye maonyesho ya chama chao cha wakuza okidi mjini Kendal, aina mpya aliyoizalisha Gilbert ikashinda. Kwa desturi yao, aliyeizalisha ndiye huipa jina.

"Naiita Enid, jina la mke wangu," akatangaza.

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Una bahati wewe, shoga!" mwanamke aliyeketi kando ya Enid akamnong'oneza.

Machozi yakamlengalenga Enid. Miaka yote hiyo, kumbe mtu huyu alikuwa akimwona!

"Na haina usumbufu," Gilbert akaendelea kuinadi. "Haitaki mbolea, haitaki kubembelezwa. Iache nje kwenye barafu, uisahau kabisa. Haifi ng'o!"

Watu wakacheka. Enid akashusha mikono mapajani. Jina halikukosewa hata kidogo.