Damiano Anatafuta Mwisho wa Igizo

Mume wangu, Damiano Sichalwe, ni mpiga debe wa stendi ya Tunduma. Nalisema mapema ili msije mkashangaa baadaye. Kwa miaka ishirini na sita amejaza Coaster za kwenda Vwawa, Mlowo na Mbeya. Gari likishajaa hulipiga bodi mara mbili kwa kiganja, linaondoka, naye anageukia linalofuata. Hata nyumbani, akimaliza kula hupiga meza mara mbili. Nimemwambia mimi si gari, hasikii.

Mtu huyu anapenda maigizo kuliko yeyote ninayemfahamu. Ugonjwa huo aliupata palepale stendi, maana vikundi vya kuelimisha jamii huja kuigiza mbele ya abiria: leo kipindupindu, kesho magendo, keshokutwa umuhimu wa choo. Damiano husimama mbele kabisa, mdomo wazi. Kabla mambo hayajaiva, konda anamwita, Coaster imebakiza watu sita, anakwenda. Akirudi, waigizaji wanakunja maturubai. Ameona mianzo mingi isiyo na idadi na hajaona mwisho hata mmoja. Jioni anakuja kuniuliza mimi, niliyeshinda nyumbani nikishona sare za shule, kama nadhani yule mwanamke wa kipindupindu alipona.

Kwa hiyo mwaka jana, binti yetu Goodness, ambaye ni muuguzi Dar es Salaam, alipotutumia tiketi za basi twende tukakae naye siku nne, baba yake hakuuliza habari za bahari wala za treni ya umeme.

"Mama Goodness," aliniambia, "safari hii nitaona igizo mpaka mwisho, hata inyeshe mvua ya mawe."

Goodness alikuwa ameshatupangia. Kulikuwa na onyesho kwenye ukumbi mkubwa, la wachekeshaji wanaoonekana kwenye televisheni, na mabango yao yalijaa barabara nzima. Baba yake aliyatazama mabango, akatikisa kichwa.

"Hilo hapana. Gari lenye wapiga debe kumi, ujue ni bovu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Nilimkumbusha kwamba kama methali hiyo ni ya kweli, basi familia yetu imekula miaka ishirini na sita kwa kutembeza vibaya. Akasema gari la Mlowo ni suala jingine.

Akaanza kuchagua kwa njia yake. Alipita mitaani akisoma karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme, katikati ya matangazo ya waganga na ya madalali wa vyumba. Karatasi ikiwa ndogo, aliisogelea. Ikiwa imeandikwa kwa mkono, alitabasamu. Ikiwa imelowa mvua na nusu haisomeki, aliibandua akaitia mfukoni, na sisi tukajua jioni yetu imeshaharibika.

Ijumaa alituchagulia igizo la mtu mmoja aliyekaa juu ya ndoo nusu saa nzima bila kusema neno. Damiano alininong'oneza kwamba anasubiri gari. Yule mtu alipofungua mdomo tu, umeme ukakatika, tukaambiwa turudi wiki ijayo. Jumamosi tulipata watu wanaocheza vizuri, mpaka pale mwanamke aliposhika kisu cha mboga akamgeukia mumewe, kisha wote wakasimama kimya. Kumbe yalikuwa mazoezi. Mkubwa wao alitueleza kwa upole kwamba mwisho bado unajadiliwa, na kama tuna maoni tuyatoe. Mimi nilikuwa nayo, maana kisu kilikuwa kizuri. Damiano alikasirika.

"Mwisho wa kutoa maoni si mwisho," alisema, akatoka.

Ikabaki Jumapili, na basi letu la kurudi lilikuwa Jumatatu alfajiri. Karatasi ya siku hiyo ilikuwa imebandikwa juu chini, na kwa Damiano hakuna sifa iliyozidi hiyo. Ilitupeleka Kinondoni, kwenye ukumbi ulio nyuma ya gereji: viti arobaini vya plastiki, pazia la mashuka ya maua, mlango wa bati. Igizo lilihusu ndugu wawili wanaogombea baiskeli ya marehemu baba yao. Tulikaa mstari wa mbele. Watazamaji tulikuwa tisa, pamoja na fundi wa gereji aliyeingia kukwepa jua.

Lilikuwa lianze saa tisa alasiri. Saa tisa na nusu alitoka binti mmoja, akajitambulisha kuwa anaitwa Nuria, kiongozi wa kikundi.

"Shikamooni wazazi wangu. Mtuwie radhi sana. Tuna makubaliano, watu wakiwa chini ya ishirini hatuchezi, vijana wanavunjika moyo. Tutawarudishia viingilio vyenu."

Siku tatu nzima nilikuwa nimemcheka mume wangu, lakini hapo sikuweza. Alikuwa amekishika kile kikaratasi chake kwa mikono miwili, anakikunja, anakikunjua. Kesho yake tungekuwa njiani, na huko stendi hakuna konda atakayemngojea amalize igizo.

Akainuka. "Mwanangu, unataka wangapi?"

"Tungepata wengine kumi na mmoja tu, baba, tungecheza."

"Mimi siondoshi gari likiwa nusu," alisema Damiano. Kisha akatugeukia. "Mama Goodness, wewe na mtoto kaeni karibu na mlango mwonekane. Watu hawapandi gari tupu."

Akatoka nje, na baada ya dakika moja Kinondoni ikamfahamu.

"Wawili, wawili tu, tunaondoka! Mama, siti ya dirishani hiyo! Kaka, mukwai, mmoja hapo!"

Hilo neno mukwai ni la heshima kwa Wabemba, naye huwaitia Wazambia wanaovuka mpaka. Na hao wawili ni wa kila siku. Husema wawili hata dereva akiwa peke yake ndani. Kwetu Tunduma kila mtu anajua wawili maana yake bado sana, kwa hiyo anakwenda kwanza kununua mahindi ya kuchoma. Kinondoni hawakujua. Waliharakisha.

"Inaenda wapi?" kijana mmoja aliuliza.

"Wewe panda, utajulia ndani."

Alipanda. Wakafuata wanakwaya wanane waliokuwa wametoka ibadani. Halafu Damiano akamwona mama mmoja amebeba kapu la mchicha, akafanya kile anachokifanya kila siku ya Mungu: alilichukua kapu akaliingiza ndani. Stendi, mzigo ukishapanda, mwenyewe anafuata. Hapa pia mwenyewe alifuata, ila alifuata akiita mwizi. Fundi wa gereji alisimama na spana mkononi. Goodness alijitosa katikati, akaeleza kuwa yeye ni muuguzi, kwamba huyu ni baba yake mzazi, hana ugonjwa wowote, anatokea Tunduma.

Yule mama, Bi Zaitun, alimtazama Damiano kuanzia viatu hadi kofia. "Ndiyo tabia za huko?" aliuliza. Kisha akakaa kwenye kiti cha Damiano apumzike, kapu lake miguuni, na hakuinuka tena.

Haikupita nusu saa, ukumbi ukajaa. Damiano alichungulia, akakagua mistari, akaupiga mlango wa bati mara mbili kwa kiganja.

"Twende!"

Mimi na Goodness tukarudi mstari wa mbele. Nuria alishtuka, lakini pazia lilifunguka.

Lilikuwa igizo zuri, nalisema mimi nisiyependa kusema. Kaka mtu aliifunga baiskeli kwa mnyororo kwenye kitanda chake. Mdogo mtu akang'oa usukani, akalala nao. Nilicheka hadi machozi, nikageuka nimwone Damiano naye akicheka, nikamkuta Bi Zaitun anachambua mchicha. Nilitazama mistari yote. Hakuwepo.

Nilimkuta nje, ameligeuzia mgongo lango la gereji, anaangalia barabarani, mkono mmoja umeinuka kidogo tayari kwa watakaofuata.

"Baba Goodness, unafanya nini hapa?"

"Limejaa," alisema. "Limeondoka."

"Na wewe?"

Alinitazama kwa mshangao. "Mimi nimeshalijaza."

Niliumia. Miaka yote hiyo nimemtania kwa sauti yake, kwa kupiga meza, kwa wale wawili wake wasiokwisha, na sikuwahi kufikiri kwamba kazi ya mume wangu, kutwa nzima, ni kubaki. Nikataka kulia. Kwa kuwa sipendi kulia mbele ya gereji, nikakasirika. Nikamkamata mkono juu ya kiwiko, vilevile anavyowakamata watu wa kwenda Vwawa.

"Mmoja," nikamwambia. "Mmoja tu, tunaondoka."

"Mama Goodness, siti zimekwisha."

"Utakaa kwenye boneti, pale kwa dereva."

Nikamburuta ndani. Bi Zaitun alisogeza kapu, mwanakwaya mmoja akasukuma kreti tupu la soda, na Damiano akakaa hapo, magoti yakigusa jukwaa. Nilianza kumnong'oneza yaliyopita, mnyororo na usukani, akanipungia mkono ninyamaze. Mianzo anaijua.

Mwishowe wale ndugu waliipanda baiskeli wote wawili, mmoja anakanyaga pedali, mwingine kwenye keria, wakizunguka jukwaa wakitukanana, na hakuna aliyekubali kushuka. Pazia likafungwa. Watu walipiga makofi, Bi Zaitun akiwa na mchicha mkononi.

Wakaanza kuinuka. Damiano hakuinuka.

"Limekwisha," nikamwambia. "Umeuona mwisho wako. Twende, Goodness ameacha wali nyumbani."

"Ngoja kidogo."

Aliwatazama wakipita mlangoni. Alimtazama fundi akijifuta macho kwa kitambaa chenye grisi, huku akisema ni jasho. Aliwatazama wanakwaya wakiigiza sauti za wale ndugu, na Bi Zaitun akijitwika kapu lake kichwani bila kumuaga mtu. Kila mmoja alimfuata kwa macho mpaka akafika barabarani.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Hawa nimewapakia mimi," alisema taratibu. "Niliowapakia mimi sijawahi kuwaona wakishuka."

Nikakaa kwenye kiti cha Bi Zaitun, tukasubiri mpaka wa mwisho akatoka.