Aliyetangulia Kuuma Barafu

Nilipokuwa bado na meno ya utoto, miaka michache baada ya Uhuru, nilimwonea wivu mtu mmoja tu duniani, naye tulilala mkeka mmoja. Apiyo ni pacha wangu. Alinitangulia kutoka tumboni, labda kwa muda wa kuchemsha chai, na kwetu Mulanda jambo hilo halisahauliki: yeye Apiyo, wa kwanza, mimi Adongo, niliyebaki nyuma. Yeye alipakuliwa kwanza, alinyolewa kwanza, alisalimiwa kwanza kanisani. Roho iliniuma kila siku, na sioni haya kusema.

Nyanya yetu alituambia kwamba mvua ya mawe hukoma pacha wa kwanza akiuma jiwe lake moja. Wa pili akitangulia kuuma, mvua hukasirika. Onyo lenyewe halikunitisha. Nilichosikia mimi ni kwamba hata huko juu walimjua Apiyo.

Mwaka ule Baba alikuwa ameahidi kwamba pamba ikitoka vizuri, sote wawili tutaanza shule. Ilikuwa imeanza kupasuka. Mchana mmoja upepo wa baridi ukatoka upande wa mlima, kuku wakakimbilia jikoni, na mara ua wote ukawa mweupe. Barafu nilikuwa nimeiona mara moja tu, kule Majanji ziwani, ndani ya sanduku la muuza samaki.

"Apiyo, kuja hapa," Nyanya aliita, akitafuta kikapu cha kujifunika kichwa atoke kuokota. "Adongo, wewe nakaa ndani."

Nilipita mlango wa nyuma. Niliokota jiwe kubwa kama yai la njiwa, nikalitia kinywani, nikalitafuna lote huku machozi yakinitoka kwa baridi. Niliporudi, Nyanya ndiyo kwanza alikuwa anamwekea Apiyo lake ulimini.

Mvua haikukoma. Ilizidi, na ilipoisha barafu ilifika kwenye vifundo vya miguu na shamba lilikuwa vijiti vitupu. Baba alisimama katikati yake.

"Meno ya huyu naisha nguvu," Nyanya alisema, akimtazama Apiyo.

Baba aliamini. Wiki ile aliamua kwamba mtoto mmoja tu ataenda shule, na hakuona tena sababu ya kumtanguliza Apiyo. Nilishonewa sare mimi. Nikanyamaza.

Shuleni nilifundishwa mvua ya mawe inavyotokea, nikafurahi kuliko darasa zima, maana si mimi niliyeiua pamba. Lakini kunyamaza kwangu hakukuwa na somo la kukufuta.

Nilikuwa nimeshastaafu ualimu ndipo nilipomwambia Apiyo kwamba nilimtangulia kuuma, nyumbani kwake, tukimenya karanga.

"Nilikuona," alisema. "Mdomo natetemeka, machozi mpaka kidevuni."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, Baba angepeleka mimi."

"Kwani hukutaka?"

"Nilitaka sana. Lakini wewe ungekufa na wivu."

Alicheka, nami nikacheka, kisha nikainamia karanga ili asinione uso. Alisema kweli, ningekufa. Na pale pale, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nilimwonea wivu upya, kwa kuwa kama zamu ingekuwa yangu ya kunyamaza kwa ajili yake, ningesema yote kabla barafu haijayeyuka.