Kitambaa cha Nywele

Majira yale ya baridi nilikuwa nikisoma habari za kesi za wachawi wa Ulaya ya zamani. Mimi ni fundi wa lifti, sikusoma chuo; kila mwaka huchagua jambo moja na kuliandikia madaftari. Nilikuwa katika daftari la tatu na nimechoka. Maziwa yanakataa kutoa siagi, mtoto anaumwa, mjane wa jirani anakamatwa. Vijiji vinabadilika, maswali ni yale yale, na lililoua wengi ni hili: nani alikufundisha?

Ijumaa moja baada ya alasiri, bosi mmoja Mwarabu wa mtaa wa Malaz, huku ninakofanya kazi, ambaye lifti ya jengo lake naihudumia, aliniita nikamtafsirie. Mfanyakazi wake wa ndani, mwanamke wa Kilifi, alikuwa amekaa jikoni, mikono mapajani. Mezani palikuwa na nywele zilizofungwa kwenye kitambaa. Madam, mke wa bosi, alizikuta chini ya godoro la huyo mfanyakazi, na yeye madam alikuwa na wiki mbili anaumwa kichwa.

"Kabla sijaita polisi," bosi alisema, "aniambie hizi ni za nini."

Nikamuuliza.

"Si zangu, kaka? Zitazame! Za madam zina vipilipili hivi? Nikichana naziweka. Ama nyinyi kwenu mwatupa ovyo, mchawi aokote?"

Kwetu hatutupi. Mama alikuwa akizifukia nyuma ya jiko.

Mazoea yangu ni kutafsiri kila neno, na siku ile yaliniponza. Nilisema yote kwa Kiarabu, na neno sihri, yaani uchawi, likatoka kinywani mwangu mimi. Madam akarudi nyuma hadi kwenye friji.

"Halas," bosi akasema. "Kumbe anaujua. Muulize nani alimfundisha."

Swali lile nilikuwa nimelinakili mara nyingi kwa mkono wangu.

"Asemaje?" mwanamke akaniuliza.

"Anauliza nani alikufundisha."

"Si bibi yangu! Nani mwingine?"

Nikamgeukia bosi. "Anasema hakuna aliyemfundisha. Ni usafi tu, kwao ni aibu nywele kuzagaa. Anaomba radhi, na anaomba kurudi kwao."

Hakuwa amesema hata moja.

Bosi na mkewe walitazamana. Hawakutaka askari nyumbani, walitaka tu mwanamke atoke. Madam akazitia nywele katika bakuli la maji aliyoyasomea dua, akalibeba nje. Bosi akaahidi kumtolea ruhusa ya kuondoka.

Siku ya nne nilimpeleka mwenyewe uwanja wa ndege, nihakikishe. Alikuwa anapitia Jeddah. Mlangoni alisimama.

"Na nywele zangu?"

"Walizitia maji, wakazitupa."

"Wapi?"

"Sijui."

Aliniangalia kama mtu aliyeibiwa na ndugu. "Kaka, umeniachia nywele zangu kwa watu wasionipenda."

Nikamwambia foleni inasogea.