Siku Nilipoyameza Maneno ya Bi Atija

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka hata ninapotaka kuisahau. Ni siku ya mkutano wa barabara, kwenye uwanja wa shule yetu, huku upande wa Kionga, miaka michache baada ya vita vile vya zamani kwisha. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Mambo mengi ya ujana wangu nimeyasimulia, watu wakacheka nami nikacheka. Hili sijapata kulisimulia hapa kijijini. Leo nalisimulia kwa sababu nasikia watu wa serikali wanakuja tena kuuliza habari za barabara, na safari hii wewe ndiye utakayesimama kati yao na wazee.

Wakati ule hatukuwa na njia ya gari. Mjini Palma ulikwenda kwa miguu, au kwa baiskeli ukiwa nayo, na mgonjwa alibebwa kwenye machela. Kwa hiyo tuliposikia serikali imetenga fedha za kutufungulia barabara, na kwamba chapa, yale magari ya abiria, zitakuja kutupakia mlangoni kwetu, hakuna aliyelala kwa furaha.

Akaja injinia kutoka kusini, mtu mrefu, mpole, asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Alifuatana na mkuu wa wilaya, naye mtu wa mbali vilevile. Ilikuwa lazima wananchi waulizwe kabla kazi haijaanza. Mimi nilikuwa nimesoma Palma mpaka darasa la saba na Kireno changu kilisifiwa, basi nikaitwa kutafsiri. Mama yangu, Somoe, alinipigia shati pasi ya mkaa. Nikaweka na kalamu mfukoni. Kalamu yenyewe ilikuwa imekwisha wino, lakini nani angejua?

Injinia alitandaza ramani juu ya dawati, akaizuia kwa mawe isipeperuke. Akasema barabara itakata bondeni moja kwa moja, kwa kuwa njia fupi ni nafuu kwa serikali. Nikatafsiri, watu wakapiga makofi. Mkuu wa wilaya akauliza kama kuna mwenye neno. Ndipo akasimama Bi Atija.

Bi Atija alikuwa rika la mama yangu, mjane, na mpunga wake aliulima bonde lilelile. Alikuwa ametoka shamba moja kwa moja, tope limemkaukia miguuni. Akaanza mbali, kama wanavyoanza watu wetu. Akamtaja marehemu mumewe, akautaja mwaka aliojifungua mwanawe wa kwanza, akafika kwenye mbuzi aliyezama. Mimi nimesimama pale na shati langu, naona haya. Niliona anatutia aibu mbele ya wageni. Kisha akafika alikokuwa anakwenda.

"Bonde lile mnaliona kavu kwa sababu mmekuja kiangazi," alisema. "Mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji ya juu yanashuka na maji ya bahari yanapanda, yanakutana palepale. Ukiyazuia, hayana pa kwenda. Barabara ipite juu, kwenye mikorosho. Au wakitaka bondeni, waweke daraja lenye nafasi. Mwambie hivyo, mwanangu."

Injinia akanigeukia. "Mama anasema nini?"

Nilikwama kwenye bamvua. Shuleni nilifundishwa kutaja miji mikuu ya mikoa yote na sehemu zote za ua, lakini hayo maji yanayojaa na kupwa mbele ya nyumba zetu sikufundishwa jina lake kwa Kireno. Ningeweza kusema, "Neno hili silijui, ngoja nikueleze kwa mikono." Lakini mama yangu alikuwa mstari wa mbele, na injinia alikuwa ameniambia asubuhi kwamba kazi ikianza watahitaji kijana anayejua kusoma na kuandika. Niliogopa kuonekana sijui.

Nikasema kwa Kireno, "Mama anaishukuru serikali. Anaomba barabara ije haraka."

Injinia akatabasamu, akaandika. Bi Atija alinitazama kitambo. Nikamwambia, "Wamesikia, Bi Atija." Akakaa.

Barabara ikachongwa. Nikapewa kazi ya kuandika majina ya vibarua. Chapa ya kwanza ilipoingia kijijini wanawake waliipigia vigelegele, na dereva alinipandisha bure kwenda Palma mara mbili, kwa kuwa nilikuwa mtu wa barabara. Nilijiona nimefika.

Masika ya kwanza yalikuwa madogo, yakapita. Ya pili mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na mwezi ulikuwa umeandama, bamvua imejaa. Asubuhi ya nne tulikwenda bondeni tukakuta barabara imegeuka ukuta. Mabomba ya zege yaliyowekwa chini yake kupitisha maji yalikuwa mawili tu, membamba, yamezibwa na majani. Maji ya mvua yamesimama upande mmoja, na ya chumvi yalikuwa yamekwisha kupenya na kuchanganyika nayo, yote yamekaa juu ya mpunga. Yalikaa siku kadhaa kabla barabara haijakatika katikati. Lilipokatika tuta, mpunga ulikuwa umeshakufa. Uligeuka rangi ya njano, halafu ukawa kama majani ya makuti makuukuu. Wa Bi Atija na wa kila nyumba iliyolima pale.

Chapa zikaishia ng'ambo. Mke wa jirani yetu alishikwa na uchungu, tukamvusha mabegani, maji yako kifuani. Alifika, akajifungua mtoto wa kike, alhamdulillahi. Lakini mimi nilikuwa mmoja wa waliombeba, na njia nzima sikuweza kumtazama usoni.

Injinia akarudi, akaitisha mkutano uwanja uleule. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. "Tuliwauliza," alisema. "Mbona hakuna aliyetuambia?" Akafungua faili, akasoma kwamba wananchi wameshukuru na wameomba barabara ije haraka. Nikawatafsiria watu wangu maneno yale, kwa mdomo uleule ulioyatunga. Watu wakanong'onezana kwamba serikali imejiandikia yake.

Bi Atija akasimama. Alisema neno moja tu. "Nilisema."

Injinia akanigeukia. Nami, mwanangu, sijui niliwezaje, nikamwambia, "Anasema amesikitika sana."

Jioni ile nilikwenda kwake. Nilimkuta amekaa kwenye kibao, anamenya mihogo. Nikapiga magoti.

"Bi Atija, nimekuja kuomba radhi. Siku ile sikutafsiri ulichosema."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Wakati wa Wareno nilipika nyumbani kwa msimamizi wa shamba la minazi," alisema. "Kusema lugha yao siwezi. Lakini neno la kushukuru nalijua, nililisema kila siku ya Mungu. Mimi nimetaja maji, wewe ukashukuru."

"Kwa nini hukuniumbua palepale?"

Aliendelea kumenya. "Nilikuona jasho linakutoka. Na Somoe yuko mbele pale, anakutazama kama anayetazama mwezi wa Idi. Nikasema, nikimwumbua huyu leo, hatasimama tena mbele ya watu. Nikadhani utawaambia baadaye, mkiwa peke yenu. Nikangoja. Wakaanza kuchimba, nikangoja. Mpaka nikapanda mpunga wangu, bado nakungoja."

Hakunitukana, wala hakuniombea mabaya. Laiti angenipiga na lile ganda la muhogo.

Kesho yake nilikwenda Palma kwa miguu, nikamweleza injinia kila kitu mbele ya mkuu wa wilaya. Injinia hakupiga kelele. Alikaa, akavua kofia. "Fedha za barabara hii zimekwisha," aliniambia. "Bajeti inayofuata imeshapangiwa wilaya nyingine. Ungeniambia siku ile, ningefuta mstari kwa penseli nikauchora upya."

Daraja tulilipata, ndiyo. Lilipokuja, yule mtoto wa kike tuliyemvusha tumboni mwa mamake alikuwa na watoto wake. Bi Atija alikuwa ameshafariki. Bondeni hakulima tena, alipanda mihogo juu, kwenye mchanga, na alikufa na siri yangu. Kila tulipokutana alinisalimu vizuri, akauliza hali ya mama.

Na hili ndilo linalonichoma zaidi. Miaka yote ile watu waliketi barazani wakailaumu serikali kwa barabara ile, nami nilikaa nao nikalaumu, tena kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Sisemi serikali haikukosa. Kuja mara moja, tena kiangazi, na kusikiliza kijiji kizima kupitia mdomo wa kijana mmoja, huko si kuuliza. Lakini yangu ni yangu.

Sasa sisi tuliokimbia vita hivi vya juzi na kurudi tunaanza upya, na wageni watakuja na ramani zao, siku hizi ndani ya simu na kompyuta. Wewe Kireno unakijua kuliko nilivyokijua. Basi sikia. Mzee akianza mbali, mwache afike, kwa kuwa hajui njia nyingine ya kukufikisha. Akisema tope, sema tope. Akikasirika, tafsiri hasira yake, usiipake sukari. Neno usilolijua, sema hulijui, mbele ya mama yako na mbele ya mkuu wa wilaya. Utaona haya kwa dakika moja, na dakika hiyo itapita. Kabla hawajaondoka, waombe wakusomee walichoandika, ukawasomee wenyeji kwa lugha yao, mpaka yule aliyesema aitikie kwamba ndivyo alivyosema. Fedha za barabara hutoka kwa nadra, na zikishamwagwa pabaya hazizoleki. Na ukiteleza hata hivyo, rudi siku hiyohiyo, wakati mstari bado ni wa penseli.

Ukifika kwenye mkutano waambie pia nilivyofanya. Nakupa ruhusa, taja na jina langu.

Mungu akupe ulimi mnyoofu na moyo usioogopa kuchekwa. Akufungulie njia pakavu, akulinde uendako na urudiko, na wanao wasirithi haya niliyoishi nayo mimi. Amina.