Kompyuta Ilikataa, Akaijaza Sifuri

Niliona kwa macho yangu kompyuta ikikataa kumdhulumu bibi yangu. Binadamu akailazimisha.

Niko Keza, Ngara. Shule niliishia darasa la tano, na mbele za watu sauti hunikauka. Leo naandika kwa sababu nina hasira.

Kikundi chetu hulima maharage kwenye lile shamba ambalo mpaka leo linaitwa la ujamaa. Mbegu hugawanywa kwa kadiri ya kazi ambayo mtu amefanya: kulima, kupalilia, kupura.

Bibi yangu Scholastika, mgongo umekataa jembe. Yeye hupura tu, fimbo mkononi, jua la utosi. Asipopata mbegu, hatupandi.

Msimu huu Nzeyimana, kijana wa jirani anayesoma chuo, akaja na kompyuta kupiga hesabu ya mgao.

"Hii ni programu ya hesabu. Haina upendeleo."

Nilimshikia mwavuli ili kioo kisipigwe na jua. Ghafla, maandishi mekundu.

"Kaka, imeharibika?"

"Inaleta maringo. Nazidisha jedwali la watu na kazi walizofanya kwa jedwali la mgao wa mbegu kwa kila kazi. La mgao lina kazi tatu, la watu lina mbili. Inasema hayazidishiki."

"Iliyokosekana ni ipi?"

"Kupura. Hakuna aliyeandika nani alipura."

"Si uwaulize? Wanakikundi wamekaa pale."

"Dada, hata herufi inakubali niweke mahali pa namba, ikae mpaka nijue. Lakini nani ana muda? Najaza sifuri, itatulia."

Kweli ikatulia. Wekundu ukafutika.

Akaanza kusoma majina.

"Scholastika, hakuna."

Bibi alicheka, akidhani anataniwa. "Mjukuu wangu, soma vizuri. Viganja hivi vimepasuka bure?"

"Bibi, nakuheshimu, lakini mashine haikosei."

Nikaendelea kumshikia mwavuli.

Akaendelea. Akafika kwenye jina moja, akasita.

"Soma, injinia!" watu wakapiga kelele.

"Adelfina... hakuna."

Mama mzazi wa Nzeyimana mwenyewe.

Mama Adelfina akasimama na fimbo yake ya kupuria. "Msimu mzima nimepura tu, mpaka bega limevimba. Maharage hayo ndiyo yaliyokukuza. Leo mimi hakuna?"

Hapo sauti ikanitoka, sijui ilitoka wapi. "Mama, mashine ilikataa! Yeye ndiye kaijaza sifuri!"

Nzeyimana akafunga kompyuta.

"Fungua," mama yake akasema. "Halafu njoo hapa utuulize, mmoja mmoja."

Ndugu zangu, kitu kikikataa, uliza kinakosa nini. Ukikinyamazisha kwa sifuri, ujue sifuri hiyo ina jina. Pengine ndiyo iliyokuzaa.