Kichupa Nilichokificha Dirishani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukionea haya choo cha mama yangu.

Kliniki walimpa kichupa kwa sababu babake alikufa kwa saratani ya utumbo mpana, naye sasa alikuwa amefikia umri wa kupimwa. Walitafuta damu isiyoonekana kwa macho ndani ya choo chake. Maagizo niliyasoma mimi, maana nyumbani mimi ndiye niliyejifundisha kila kitu kwa simu, na sikupenda kukosea. Mama alichukua kidogo kwa kijiti, akafunga kifuniko, akanikabidhi bila kuniangalia.

"Kipeleke leo, mwanangu. Wamesema leo leo."

Nilikitia mfuko juu ya mfuko, nikanawa mikono mpaka ngozi ikakunjamana, nikatoka. Mji wa Kale hupiti baraza bila salamu. Ukisalimu utapewa mkono, na ukipewa mkono utapewa kahawa.

"Ahlan! Mbona wapita ukutani kama paka aliyeiba samaki?" mzee mmoja akaniita. "Wabeba nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini? Ya kupata mke?"

Wakacheka. Mwenzake akasogea nikae, akanyoosha mkono aupokee mfuko wangu auweke kando ya sinia la haluwa.

Nikasema nimesahau kitu, nikarudi mbio. Maagizo yalisema kichupa kikichelewa kiwekwe kwenye friji, lakini friji ilikuwa na maziwa na samaki wa mchana. Kuweka najisi humo sikuweza. Nikakificha kichupa dirishani chumbani kwangu, nyuma ya pazia, panapopiga jua la jioni. Nilikipeleka kesho yake baada ya alfajiri, baraza ikiwa tupu.

"Cha lini hiki?" akauliza mpokeaji wa maabara.

"Cha leo."

Jibu likaja: hakuna damu. Mama akasema alhamdulillahi. Baadaye akaanza kukonda, akawa hapandi ngazi bila kupumzika katikati. Kila aliposema amechoka nilimsomea lile jibu tena, kwa sauti ya mtu anayejua.

Alipoanguka jikoni, hospitali wakampitishia kamera ya utumbo. Uvimbe ulikuwa mkubwa, na saratani ilishafika kwenye ini. Nilipomweleza kilikolala kile kichupa, daktari aliniambia joto huharibu damu iliyo katika choo, lakini hakuna awezaye kujua kama siku ile damu ilikuwamo. Nadhani alikusudia kunituliza. Mama alifariki bila mimi kumwambia habari za dirisha. Nilikuwa nikingoja nipate maneno yasiyo na kasoro.

Sasa anayepimwa ni mama mdogo, nduguye. Kichupa chake nakipeleka asubuhi ileile anaponikabidhi, na wakiniuliza barazani nimebeba nini, nasema ni choo, chaenda kupimwa saratani. Siku hizo hawaniiti kukaa. Na katika friji yetu, rafu ya chini haiwekwi chakula.