Ushahidi wa Kuachika

Mwaka ule Gaynor Probert alipoachana na mumewe, mvua ilinyesha Tredegar, mji wao wa milimani kule Wales, siku mia na moja bila kupumua. Kondoo walishuka kutoka mlimani wakaja kujikinga milangoni mwa maduka, wakapanga foleni kwa adabu kuliko watu. Anayebisha akawaulize kondoo.

Kuachana kwenyewe hakukuwa na kishindo. Clive hakuwa na mwanamke wa nje, wala Gaynor hakuvunja sahani. Walikaa miaka ishirini na sita, maneno yakipungua kidogo kidogo kama maji kwenye ndoo inayovuja, mpaka jioni moja Clive akasema, "Mimi naona tumeisha."

"Hata mimi naona hivyo," akajibu Gaynor. "Funga dirisha, mvua inaingia."

Talaka ikawa ni hiyo. Clive alihamia chumba cha nyuma, kwenye kitanda chembamba ambacho mtu akigeuka usingizini anaanguka mara mbili kabla ya kufika chini. Kwingine hakuwa na pa kwenda mpaka akusanye pesa ya kupangia.

Aliyesikitika zaidi ni Nerys, dadake Clive, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwao. "Wifi, mngeniachia japo kofi moja nipate la kusimulia," akasema. "Nikiulizwa kanisani niseme nini? Kwamba mlichoka?"

"Sema hivyo hivyo."

"Nani hajachoka, Gaynor? Mimi mume wangu nimemchoka tangu siku ya harusi, kabla keki haijakatwa. Na bado nampikia."

Kazi ikawa ni nyumba. Mkopo wake ulikuwa ukilipwa na mshahara wa Clive, aliyefanya zamu kwenye ghala la vyakula. Sasa Clive akasema hawezi kulipia nyumba anayohama, na tukisema kweli, hakukosea. Gaynor alikuwa akipakua chakula jikoni mwa shule, saa chache za mchana, na malipo yake hayakufika hata mlangoni mwa deni. Barua za benki zikaanza kuja. Ya kwanza ilimwita mpendwa mteja, ya tatu ilimwita jina lake kamili, ya tano ikataja mahakama. Zilizidi mpaka mbwa wa jirani akajua kuzitambua kwa harufu. Akiona bahasha ya benki analala chini na kufunika macho.

Nyumba ile Gaynor aliipenda kwa namna mtu anavyoupenda mguu wake. Hakuwahi kuifikiria mpaka aliposikia itakatwa.

Akaambiwa serikali ina msaada kwa watu wa namna yake: inalipa riba ya mkopo wa nyumba, inaipeleka moja kwa moja benki. Akapiga simu ofisi ya misaada. Akawekewa muziki. Alisubiri muda ambao kuku angetaga, akaatamia, akaangua na kuwafundisha wanawe kuparura. Mwisho sauti ya binti ikasema, "Unaishi pamoja na Bwana Probert?"

"Ndiyo, tunaishi pamoja, ila tumeachana."

Yule binti alisikia nusu ya kwanza, na nusu hiyo ndiyo aliyoiandika. Wiki ya pili likaja jibu: anaishi pamoja na mumewe, mshahara wa mumewe unahesabika kuwa wa nyumba nzima, kwa hiyo hapati kitu.

"Ungesema mnakaa nyumba moja," akasema Nerys. "Kukaa nyumba moja si kuishi pamoja. Mimi na panya wangu tunakaa nyumba moja."

Gaynor akapiga tena simu, akawekewa muziki ule ule. Kufikia hapo alikuwa anaujua kiasi cha kuuimba mazishini. Akaambiwa atatumwa afisa aje aone kwa macho yake kama kweli wameachana. Akiridhika, shauri litafunguliwa upya. Asiporidhika, basi.

Nerys akajifanya mwalimu wa kuachana. Alikuja na utepe mwekundu wa gundi akagawa friji: rafu ya juu ya Gaynor, ya chini ya Clive. Akagawa kabati, sabuni, hata vibanio vya kuanikia nguo.

"Kuanzia leo humfulii soksi," akamwambia Gaynor. "Humpikii. Ukimwona anaungua, mwambie apige simu zimamoto kama mtu mwingine yeyote."

"Na mimi nikiona bomba lake limeziba?" akauliza Clive.

"Wewe kaka yangu hukuligusa bomba hilo miaka ishirini na sita. Hapo hatuna wasiwasi nawe."

Kumbe kuachana kwa vitendo ni kazi kubwa kuliko kuoana. Clive hakujua kupika. Kila jioni alikaanga soseji mpaka zikawa vijiti vya makaa, na moshi ukapita chini ya mlango mpaka sebuleni alikokaa Gaynor. Naye alikaa na mikono kaibana katikati ya magoti, akiizuia isiende kupunguza moto. Alikuwa ametoka kupakulia watoto mia mbili wa watu. Mwili ulitaka kulala, mikono ilitaka kukaanga. Usiku aliota soseji.

Afisa akaja Alhamisi moja mchana, Bwana Meredith, mzee wa kukaribia kustaafu, koti limelowa mpaka linachuruzika kama ngozi ya mamba. Alipanda ngazi zote, akahesabu miswaki, akabonyeza kile kitanda chembamba, akafungua friji akautazama ule utepe mwekundu kwa muda mrefu.

"Nani anamfulia nani?"

"Kila mtu anajifulia," akasema Gaynor.

"Inaonekana," akasema afisa, akitazama ukosi wa shati la Clive.

Mambo yakaenda vizuri. Wakakaa mezani, Bwana Meredith akafungua faili lake, akatoa kalamu, akapiga chafya. Na Gaynor, aliyelelewa na mama ambaye angemkaribisha chai hata mwizi kabla ya kuita polisi, akainuka, akachemsha maji. Akarudi na vikombe vitatu. Akampa mgeni chake, akaweka chake, na cha tatu akakisukuma mbele ya Clive bila kumtazama, kama anavyosukuma mtu mlango wa kwao.

Hata mvua nje ikasita isikilize.

Bwana Meredith alikitazama kile kikombe. "Kumbe mnapikiana chai," akasema taratibu, na kalamu ikaanza kutembea.

Gaynor akahisi nyumba inateleza chini ya miguu yake, na ngazi, na madirisha, na mlango alioupaka rangi kwa mkono wake. Akataka kusema ni mazoea tu. Lakini mazoea ndiyo hasa yaliyoandikwa kwenye lile faili.

"Mbona hunywi?" afisa akamwuliza Clive.

Clive akakizungusha kikombe. "Ina sukari."

"Vijiko viwili," akasema Gaynor. "Kama siku zote."

"Niliacha sukari Februari mwaka juzi. Daktari alisema nina kisukari."

Gaynor akamgeukia. Tangu Clive aliposema tumeisha, hiyo ndiyo mara ya kwanza kumtazama uso mzima, akaona amekonda. "Na zile chai zote?"

"Nilikuwa namimina kwenye maua ya dirishani."

"Maua yangu yalikufa, Clive. Nilimlalamikia mwenye duka mpaka akanirudishia pesa."

"Niliona."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unaingia umechoka, mimi natoka nimechoka. Halafu ikawa imepita, ikawa aibu kusema."

Bwana Meredith aliiweka kalamu chini. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, na ile tai ilikuwa imelowa kuliko miwani. "Bibi Probert," akasema, "ulikuwa hujui kabisa?"

"Sikujua."

"Miaka miwili, meza moja?"

"Meza moja."

Afisa akafuta mstari aliouandika, akaandika mwingine, mrefu. Akainywa chai yake mpaka mwisho, akashukuru, akatoka kwenye mvua. Gaynor na Clive wakabaki wamekaa. Clive akakichukua kile kikombe akakimwaga, akakiosha mwenyewe, akakirudisha kabatini, kwenye rafu ya Gaynor.

Jibu lilifika baada ya wiki tano, na kwa muda huo Gaynor alizeeka miaka kumi. Nerys alimsomea, kwa sababu yeye macho yalikataa. Ameonekana ameachana, anaishi peke yake kwa hesabu ya serikali. Riba italipwa benki, baada ya kusubiri miezi kadhaa. Ila si sadaka, ni mkopo, utakaa juu ya nyumba mpaka siku itakapouzwa.

"Yaani deni linatafutiwa mwenzake," akasema Nerys. "Limepata mchumba kabla yako, wifi."

"Nipe kalamu."

"Soma kwanza."

"Nimeshachoka kusoma. Watasubiri nife au niuze, na mimi siuzi. Wapi nitie sahihi?"

Alitia sahihi, akaipeleka ile barua posta mwenyewe akiwapita kondoo, akarudi akipanda kilima. Benki aliipigia simu hapo hapo mlangoni. Mtu wa benki akaandika, akasema shauri la mahakama litasimama. Alipofungua mlango miguu iligoma kupanda ngazi, akakaa kwenye kidato cha pili na koti lake.

"Ni wewe?" Clive akauliza kutoka chumba cha nyuma.

"Ni mimi."

"Wamekubali?"

"Wamekubali. Utakaa mpaka upate pako, lakini kodi ya chumba utalipa."

"Haki yako," akasema.

Gaynor akavua kiatu kimoja. Cha pili kilimshinda, akaegemea ukuta wa nyumba yake, akalala pale pale kwenye ngazi.